Ndege ya Majini Iliyoishia Nchi Kavu

Wiki hii mteja mmoja aliniambia kuwa programu niliyomwandikia miaka sita iliyopita haihitajiki tena. Haina kasoro, ila simu za wateja wake zimebadilika. Nilizima tarakilishi, nikashuka ufuoni hapa Munje. Maji yalikuwa yamekupwa, mashua zimelala mchangani. Nikakumbuka ndege moja.

Ndiyo, ndege. Kuanzia 1937 shirika la Imperial Airways lilipitisha ndege-boti kwenye pwani yetu, zikitoka Southampton, Uingereza, hadi Durban. Zilitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Hazikuhitaji uwanja, kwani tumbo la ndege ndilo lililokuwa boti. Chini ya tumbo hilo palikuwa na kipandio, kama ngazi moja. Ndege ikishika kasi, maji huachana na tumbo hapo, mnyonyo hukatika, nayo huinuka. Bila kipandio, injini zingenguruma bure tu!

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Kipevu, Mombasa, pakawa kituo cha ndege-boti za Catalina zilizowinda nyambizi katika Bahari ya Hindi. Mnamo Agosti 1943 Catalina zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Sasa tuje kwa ndege yangu. Ilitengenezwa na kampuni ya Short, aina ya Seaford, nambari NJ203. Seaford ya kwanza iliruka 1944, lakini vita vikaisha 1945 kabla aina hiyo haijapigana. Badala ya kuifanya chuma chakavu, waliigeuza NJ203 kuwa Solent ya abiria. Silaha nje, viti ndani! Solent ilikuwa na ghorofa mbili na hata baa. Yetu ikapewa jina City of Cardiff, ikaingia shirika la BOAC.

Solent za BOAC zilianza safari za Afrika mwaka 1948. Zilifuata Mto Nile, zikatua Port Bell, zikaendelea hadi bwawa la Vaal karibu na Johannesburg. Za Nairobi zilitua Ziwa Naivasha. Usiku abiria walilala hotelini.

Haikudumu. Novemba 1950 BOAC ilifunga kabisa huduma ya ndege-boti. Je, zilikuwa mbovu? La. Vita vilevile vilivyoizaa Seaford viliacha viwanja virefu vya ndege duniani kote. Ndege ya magurudumu haikuhitaji boti ya kukagua kama kuna gogo majini, wala boti ya kushusha abiria. Haikuliwa na chumvi pia, na sisi wa pwani twajua chumvi inavyokula chuma.

City of Cardiff iliuzwa Australia ikawa Star of Papua, kisha Marekani ikawa Isle of Tahiti. Huko kampuni mpya ilipanga kuirusha hadi Tahiti, ikashindwa kuanza. Ikakaa miaka mingi bila kazi, hadi watu walioipenda wakaikarabati. Mwaka 1981 ilionekana katika filamu ya Raiders of the Lost Ark. Leo iko kwenye jumba la makumbusho Oakland, California, juu ya ardhi kavu. Solent zilizobaki duniani ni mbili tu. Nyingine iko Auckland, New Zealand.

Nilikuwa nimeona aibu kuhusu ile programu, kana kwamba nilikosea. Sasa naona kazi inaweza kuwa nzuri na bado ikaondokewa na dunia iliyoizaa. Ila kabla ya kuifuta niliifungua tena. Sehemu ya kuweka hesabu bado nzima kabisa, na wavuvi wa hapa wangali wanaandika mizani ya samaki kwenye daftari linalolowa maji. Kesho naanza kung'oa yasiyohitajika.

Haya, maji yameanza kujaa. Tuonane wiki ijayo.