Kofia ya Bwana na Kijiti cha Mafuta

Wanaoikumbuka kofia ya helmeti wanazidi kupungua. Ilikuwa nyeupe au ya kaki, imetengenezwa kwa kiini laini cha bua la mmea wa India uitwao shola, na katika picha za utawala wa Wajerumani na Waingereza hapa Tanganyika ni nadra kuikosa. Wakoloni hawakuivaa kwa urembo tu. Mwaka 1905 daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alichapisha kitabu kizima juu ya madhara ya mwanga wa nchi za joto kwa mtu mweupe. Iliaminiwa kwamba miale ya jua la huku hupenya fuvu na kuharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana baadhi yao, juu ya kuvaa kofia, walishona pia kitambaa kinene cha kufunika uti wa mgongo. Mpagazi aliyemfuata bwana na mzigo kichwani hakuhesabiwa kuwa na uti wa mgongo. Vita Kuu ya Pili ilipofika, askari walipigana juani bila helmeti zile, ubongo wa mtu haukuyeyuka, na imani hiyo ikafifia.

Lakini muda wote huo walikuwapo vijijini mwetu watu ambao jua lilikuwa likiwaua kwa hakika, wala hakuna aliyewashonea kofia. Tuliwaita zeruzeru, neno ambalo leo tumeambiwa tuliache, na ni haki. Sasa tunasema watu wenye ualbino. Inakadiriwa kwamba hapa Tanzania huzaliwa mmoja katika kila watu 1,400 hivi. Ngozi yao haina ile rangi iitwayo melanini, ambayo kwa sisi wengine ni mwavuli tuliozaliwa nao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1985, wa watu 350 wenye ualbino waliohudumiwa Dar es Salaam, ulionyesha kuwa madhara ya jua huonekana katika ngozi tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Mauaji ya kishirikina yaliyoanza kusikika sana tangu 2006 yaliifanya dunia nzima itutazame, na ilistahili kututazama. Saratani ya ngozi imeua wengi zaidi, ila haiandikwi katika kurasa za mbele.

Mimi nimekuwa mwalimu karibu maisha yangu yote ya kazi, basi nitasema habari za shule. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 tulifundisha Elimu ya Kujitegemea, na mimi siidharau hata leo. Shamba la shule lilitulisha. Lakini sare ya shule haikuwa na kofia, mikono ya shati ilikuwa mifupi, kaptura iliishia juu ya goti, na mtoto mwenye ualbino alisimama gwaride na kushika jembe sawa na wenzake. Huo ndio uliitwa usawa. Nilipopewa ukuu wa shule niliruhusu kofia pana na mikono mirefu kwa waliohitaji. Mkaguzi mmoja akaniandika katika taarifa yake kuwa sare za shule yangu zina kasoro. Taarifa ile ninayo bado.

Tena Turiani hudanganya. Milima ya Nguru hutuletea mawingu na mvua, mpunga unastawi, miwa ya Mtibwa inasimama mirefu, na mgeni hudhani huku jua ni la upole. Tuko nyuzi sita hivi kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Na miale inayounguza ngozi hupenya wingu jepesi bila hodi.

Mafuta ya kujikinga na jua si ajabu kongwe. Wanawake wa pwani walikuwa na liwa yao ya msandali, na wa Komoro hutembea mchana nyuso zikiwa za njano kwa uji wa namna hiyo, ingawa zaidi ni kwa uzuri. Haya ya kiwandani hutajwa pamoja na Franz Greiter wa Austria, ambaye husimuliwa kwamba aliungua akipanda mlima Piz Buin mwaka 1938, akaanza kuuza krimu yake 1946. Yaani yalibuniwa kwa ajili ya wapanda theluji. Ilichukua miaka mingi kuufikia mlima wetu wenye theluji: katika miaka ya 2010, hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992, mfamasia Mhispania Mafalda Soto na wenzake Watanzania walianza kutengeneza mafuta ya KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo yakagawiwa bure.

Mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la nne, amezaliwa na ualbino. Hupata kopo lake kliniki. Mwaka huu shangazi yake akamletea kutoka Dar es Salaam mafuta ya namna nyingine, magumu, yaliyo katika ganda la plastiki linalozungushwa chini.

“Babu, mbona kama gundi ya karatasi?”

Nikajaribu kwanza mimi, maana upara wangu nao una haki zake. Yameshikana kwa nta, hayamwagiki wala hayachuruziki machoni kwa jasho. Kichwani kwangu yaliacha ukungu kama wa unga wa muhogo, majirani wakacheka. Usoni kwake hayakuonekana kabisa. Faida kubwa ni kwamba mtoto hujipaka mwenyewe saa nne, wakati wa mapumziko, bila kioo na bila kuchafua daftari. Yanafaa pua, masikio, kisogo na migongo ya mikono. Kwa mkono mzima au miguu ni kupoteza fedha. Huko shati na sketi ndefu hufanya kazi bora. Na usipite mara moja tu: nilimfundisha kwenda na kurudi mara nne kila mahali, na kurudia kila baada ya saa mbili. Ile namba 50 huzuia karibu asilimia 98 ya miale inayounguza, namba 30 asilimia 97, basi tofauti si kubwa kama bei inavyodai, na hesabu hizo ni za mafuta yaliyopakwa kwa unene wa maabara. Mtoto mwenye haraka ya kwenda kuruka kamba hapaki kwa unene wa maabara.

Bei ilizidi debe la mahindi. Kijiti kiliisha siku ya kumi na tisa. Mama yake alijaza lile ganda tupu kwa mafuta ya kopo, akitumia kijiko, lakini yale ni laini, hayasimami. Jioni mfuko wa sketi ulikuwa umelowa. Sasa yamo katika kichupa cha dawa ya kikohozi kilichooshwa, na amefungiwa kwa kamba shingoni.