Namba Tatu za Lori la Kijani

Huku kwetu Muyama, lori liliposikika linapanda mlima, wazee hawakuuliza limebeba nini. Waliuliza ni la nani. Jibu lilikuwa kwenye kibao cha namba, na asiyejua kusoma alimtuma mtoto akamsomee. Lori la mfanyabiashara lilimaanisha chumvi, vitenge na mafuta ya taa. Lori la Serikali lilimaanisha mkutano, au kodi. Lori la jeshi liliwafanya watu wafunge midomo mpaka lipite.

Nimekuwa utingo, dereva na fundi makanika, kwa mpangilio huo. Naamini historia ya milima hii ya Buha, kuanzia Manyovu hadi Kibondo, inasomeka kwenye vibao vya namba za malori zaidi ya tunavyodhani. Lori nitakalolisimulia ni Bedford MK. Lilitoka jeshi la Uingereza, likaja huku kwa kazi ya wakimbizi, na leo linabeba maharage yetu likiwa na namba ya raia. Lakini kabla ya hilo yalitangulia mengine.

Kabla ya magurudumu, mzigo ulikaa kichwani. Chumvi ya Uvinza ilipanda huku juu vichwani. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ikaishia ziwani bila kugusa milima. Julai 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma, na Septemba wakaingia Tabora. Risasi, unga na mahema ya Vita ya Kwanza ya Dunia vilibebwa na wapagazi, na Wabelgiji waliishikilia Buha hadi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Katika miaka ya 1930 watu wa Buha walihamishwa kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Barabara nyingi za mwanzo zilichimbwa kwa jembe la mkono, na waliozichimba hawakuwa na hata baiskeli ya kupitisha juu yake.

Lori la jeshi lilitufikia kwa mzunguko, baada ya Vita ya Pili. Vijana wa Tanganyika walioingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walipelekwa mbali, wengine hadi Burma, na baadhi yao walirudi wakiwa na leseni ya udereva, kitu kilichompa mtu heshima kuliko ng'ombe. Malori nayo yalirudi. Jeshi lilikuwa na magari mengi lisiyoyahitaji tena, likayauza, na Afrika Mashariki ikawa mojawapo ya masoko. Kule Kongwa, kwenye ule mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufutwa 1951, Waingereza walifika hatua ya kugeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Karanga hazikuota kama walivyopanga, ila desturi ya chombo cha vita kupewa kazi ya shamba ilibaki.

Huku kwetu malori ya miaka hiyo yalikuja kuchukua watu. Wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na Buha ikawa chanzo kikubwa cha manamba. Baba yangu alipanda lori kwa mara ya kwanza maishani kwenda stesheni ya Kigoma, na kutoka hapo treni ikampeleka kuelekea Tanga. Yeye alikuwa na namba yake kwenye kipande, lori lilikuwa na yake ubavuni. Alirudi na sanduku la bati na kikohozi. Mpaka anazeeka alikuwa anashika bodi ya lori kwa mikono miwili hata kama limesimama.

Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Watu walitakiwa kuacha makazi yaliyotawanyika mabondeni na vilimani na kuhamia vijiji vya pamoja. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 nchi nzima iwe inaishi vijijini. Wapo waliohama kwa hiari, na shule na zahanati zilizofuata hazikuwa za kubeza. Lakini mtu aliyepakiwa kwenye lori na mitungi yake, kuku wake na mlango wake wa nyumba uliong'olewa hakusahau namba ya lile gari. Jirani yetu mmoja aliikumbuka hadi anazikwa. Sijawahi kumsikia mwanasiasa akilizungumzia hilo.

Baada ya hapo mkondo uligeuka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na mara hii raia ndio waliotoa malori kwa jeshi. Magari ya mashirika ya umma na ya watu binafsi, mabasi pamoja na malori, yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula kaskazini. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mengi ya magari hayo yalirudi mabovu, na yaliyorudi salama yalikuta nchi haina spea wala mafuta. Ndiyo ile miaka ambayo kuendesha gari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana kulikuwa marufuku. Nilijifunza ufundi wakati huo. Tulikata springi za lori lililokufa tukawekea lililo hai, na gasketi tulichonga kwa maboksi.

Kisha wakaja wakimbizi, na pamoja nao malori ambayo hatujawahi kuyaona. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Warundi wakamiminika. Zikafunguliwa kambi upande wa Kibondo, kama Kanembwa, Mtendeli na Nduta, na upande wa Kasulu zikawa Muyovosi na Mtabila. Mwaka 1996 ikaongezeka Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Watu wengi kiasi hicho hula kila siku, na masika ya Buha hayajali mtu ana njaa. Barabara iligeuka uji. Lori la kawaida la tani saba lilikwama, nalo likaziba njia ya yaliyo nyuma. Ndipo mashirika yalipoanza kuleta magari yaliyotolewa majeshini Ulaya, yanayovuta kwa magurudumu yote.

Bedford letu lilikuja kwa njia hiyo. Nililishika mara ya kwanza kama fundi wa mradi mmoja, na ilibidi nilisome upya. Injini ni dizeli ya silinda sita, lita 5.4, nzito, haina haraka na haina kinyongo. Paa la kebini lina tundu la duara ambamo askari angesimama na bunduki. Nyuma, difu imepakwa rangi nyeupe na juu yake kuna taa ndogo iliyofichwa. Usiku, msafara ukizima taa zote, dereva wa nyuma anaifuata ile nyeupe inayoonekana kwa mbali kidogo tu, na ndege ya adui haioni kitu. Stelingi iko kulia, maana Waingereza huendesha kushoto kama sisi, na hilo lilituokolea taabu nyingi baadaye. Kwenye bampa, chini ya rangi, ulikuwepo bado mfano wa namba za jeshi lao: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili.

Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Ya pili ilikuwa DFP, ya miradi inayofadhiliwa na wahisani. Msomaji wa mjini anazijua: JW ni ya Jeshi la Wananchi, PT ya Polisi, MT ya Magereza, SU ya shirika la umma. Kila herufi ina mlango wake, na gari haliruki kutoka mlango mmoja kwenda mwingine bila karatasi.

Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mradi ukafunga ofisi, vitu vikatangazwa, dalali akaja. Watu waligombea Land Cruiser na majenereta. Lori la kijani lenye umri wa kuzidi miaka 30 halikuwa na mpenzi, kwa hiyo mimi na wakulima wenzangu wachache wa Muyama tulichanga, tukalichukua. Bei ilikuwa nafuu. Kulipa uraia wake ndiko kulikokuwa ghali.

Utaratibu wenyewe si siri. Usajili wa magari ya raia uko chini ya Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi Julai 1996, na masharti ya gari kuwa barabarani yanatoka kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Gari lililoingia nchini kwa msamaha wa kodi haliendi kwa mtu asiye na msamaha huo mpaka kodi ilipwe. Kwa hiyo mnada ni nusu ya safari. Unahitaji risiti ya dalali, barua ya mwenye mali, kadi ya zamani, nyaraka za forodha zilizoliingiza gari, namba yako ya mlipakodi, na mkaguzi wa magari wa polisi athibitishe kwamba chuma kilichosimama mbele yake ndicho kilichoandikwa.

Hapo ndipo gari la jeshi linapokuwa tofauti na Fuso la dukani. Jeshi halitunzi gari kama raia anavyotunza. Injini ikichoka inapelekwa karakana kuu, inatolewa, inawekwa nyingine iliyofanyiwa matengenezo, na kibati kipya kinapigwa ribiti. Kwa jeshi injini ni spea tu. Kwa karatasi zetu, namba ya injini ni nusu ya jina la gari. Kadi ya mradi ilikuwa na namba ya injini moja, na injini iliyokuwa ikinguruma ilikuwa na nyingine. Mwaka wa kutengenezwa nao ulikuwa kazi: kibati cha kebini kilionyesha mkataba wa wizara na namba za stoo za kijeshi, na mwaka mmoja ambao haukusema kama ni wa kuundwa au wa kukabidhiwa. Kodi ya gari chakavu inahesabiwa kwa umri, kwa hiyo swali hilo halikuwa la wanahistoria peke yao.

Mkaguzi alikuwa kijana makini. Alilala chini kwa kadibodi, akaomba brashi ya waya na tochi, akasugua chesisi mpaka namba ikatokea. Hiyo ililingana. Kisha akaiona ile taa ya kwenye difu.

"Mzee, hili liliwahi kupigana?"

"Huku kwetu limebeba mahema na unga, afande. Huko lilikotoka tuwaulize wenyewe."

Akacheka, akaandika. Tulipeleka hati ya kiapo kuhusu injini, mradi ukatoa barua ya maelezo, na suala likaisha kwa kuandika injini iliyopo. Lilichukua muda mrefu kuliko mvua za vuli. Simlaumu mtu. Afisa anayeona karatasi mbili zenye injini mbili, kwenye mkoa wa mpakani ambako magari ya wizi hutafuta njia ya kutokea, akisaini haraka ndiye wa kuogopwa.

Rangi tuliibadilisha kabla ya ukaguzi. Kijani kile kisichong'aa kingetufanya tusimamishwe kila kizuizi, na raia hana sababu ya kufanana na askari. Mwaka 2023, mwezi Agosti, JWTZ ilipotoa siku saba kwa wenye mavazi yanayofanana na ya jeshi kuyasalimisha, wenzangu walinikumbusha kwa kicheko kwamba lori letu lilishavua kombati zamani. Sasa ni la bluu, na kadi inasema bluu. Tundu la paa tuliliziba kwa bati kwa sababu lilivuja. Taa ya difu nimeiacha, na rangi nyeupe naipaka upya kila linapopanda jeki.

Namba ya tatu ikatoka: T, tarakimu tatu, herufi tatu za mfululizo wa C, kibao cheupe cha gari la biashara. Kilichobaki kilikuwa bima ndogo, rifilekta, stika ya Nenda kwa Usalama na leseni ya kubeba mizigo, wakati huo ya SUMATRA, tangu 2019 ya LATRA. Kulikuwa pia na ile ada ya barabara ya kila mwaka, iliyohesabiwa hata gari likilala uani masika yote. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa shilingi 40 kwa lita. Waziri aliyeifuta, Dkt. Philip Mpango, ni mtu wa huku huku Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012 pamoja na Muyama yetu. Sisemi aliifuta kwa ajili ya Bedford letu, lakini sisi tulimshukuru kana kwamba.

Leo barabara kuu ya Manyovu, Kasulu, Kibondo hadi Kabingo, kilomita 260, imejengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na juu yake Fuso linatupita likipiga honi. Tukiacha lami tukaingia njia za mashambani mwezi wa nne, honi hizo hugeuka kuwa simu za kuomba kuvutwa. Vijana sasa hawasomi tena vibao vya namba kwa hofu. Wanasoma ili wajue nani wa kumpigia.

Nawe unayefikiria kununua lori la jeshi mnadani, usianze na injini. Nenda na brashi ya waya na tochi, tafuta namba ya chesisi, ifananishe na kadi, kisha omba kuona karatasi za forodha kabla dalali hajagonga nyundo. Isipoonekana namba, au karatasi zisipokuwepo, liache. Hilo ni chuma chakavu, na bei yake ni ya kilo.