Sumu

Neno "sumu", lenye asili ya Kiarabu, hutumika mtaani kama hukumu ya mkato: kitu ama ni sumu, ama si sumu. Maabarani halisimami peke yake. Huambatana na kiasi, muda na kiumbe.

Mfano mzuri ni chembe nano za fedha, yaani yale madini ya mikufu. Upana wake ni nanomita 1 hadi 100, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hutiwa katika baadhi ya nguo ili kuua bakteria. Nguo zikifuliwa, baadhi ya chembe hizo hutoka na maji. Kipimo kilichozoeleka hutumia Daphnia magna, kidudu cha maji baridi. Watoto wake ambao hawajatimiza saa 24 huwekwa kwa saa 48 katika maji yenye viwango tofauti vya chembe hizo. Kisha chombo hutikiswa taratibu, na asiyeogelea ndani ya sekunde 15 huhesabiwa kuwa amelemaa. Kiwango kinacholemaza nusu yao ndicho hutangazwa.

Ugumu hasa umo kwenye maji yenyewe. Chembe hushikamana na kuzama. Nyingine huyeyuka na kutoa ioni, ambazo mara nyingi ndizo zenye madhara zaidi. Kiasi kilichopimwa kwenye mizani mwanzoni sicho kinachomfikia mdudu siku ya pili, hivyo maji hayana budi kupimwa tena katikati ya jaribio. Habari isemayo "ni sumu kwa samaki" bila kutaja kiasi, muda na aina ya samaki haijakamilika. Inafaa irudishwe kwa mwandishi kabla ya kuchapwa.