Kulowea

Mtu akiacha nyumba ya raha, akasafiri hadi asikojua mtu, akakaa huko mpaka akawa kama mwenyeji, Kiswahili husema amelowea. Kitenzi hiki ni kipole. Nomino yake, mlowezi, imepata ukali: wasomaji wa historia ya Kenya huiambatanisha na Wazungu waliotwaa mashamba, na redioni tunaisikia kila habari za Ukingo wa Magharibi zinapotajwa.

Karen Blixen aliiacha familia yenye uwezo Denmark, akatua Mombasa Januari 1914, akalima kahawa chini ya vilima vya Ngong. Shamba lilimshinda, akarudi kwao 1931. Mlowezi alikuwa, tena kwenye ardhi iliyokuwa na wenyewe. Kulowea, kwangu mimi, hakulowea, ingawa kuipenda nchi aliipenda kweli.

Na Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyeondoka Unguja 1866 na kufia Ujerumani 1924? Miaka alikuwa nayo tele. Lakini kumbukumbu alizochapisha 1886 zimejaa uchungu wa kwao, na mara mbili alirudi kuitazama Unguja. Kwake ningeandika “alihamia”, nikaishia hapo.