Miezi Mitatu Kampala

Ukiuliza mtu wa rika langu hapa Kariokor studio ni nini, atakuambia ni chumba kimoja, laptopu, maiki moja na godoro limesimamishwa ukutani kuzuia sauti. Unalipa kwa saa. Biti iko tayari, unaingia, unaweka mistari, unatoka. Gengetone ilikulia vyumba kama hivyo na ikavuma. Lakini bendi ya roki haitoshei humo. Drum peke yake inataka maiki kadhaa, nafasi, na majirani wenye roho ngumu. Rafiki zangu wa Ziwani walichanga karibu mwaka mzima wakapata siku moja ya studio. Walitoka na nyimbo mbili, na bendi ikaisha hapo.

Ndiyo maana kisa cha Duma hakinitoki kichwani. Ni wasee wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwa bendi za metali za hapa mjini. Jina lao ni la Kikuyu, maana yake giza. Mwaka wa 2019 walienda Kampala, wakarekodi miezi mitatu kwa studio za Nyege Nyege, lebo iliyozaliwa na tamasha la Jinja. Albamu ilitoka Agosti 2020. Mpiga drum hakuna. Midundo inatoka kwa kompyuta, mbio kama mvua ya mawe kwa mabati, na Khanja anapiga mayowe juu yake.

Mtu anayejua historia atashtuka kidogo, kwa sababu zamani safari ilikuwa ya kuja huku. Miaka ya 60 na 70 Nairobi ilikuwa na studio za kampuni na kiwanda cha kuchapa santuri, kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Kinyonga na George Peter, wakavuka mpaka na kuunda Simba Wanyika. Kutoka Kongo wakaja Baba Gaston, Super Mazembe, baadaye Samba Mapangala. Santuri zao ziliuzwa River Road, na kutoka Kariokor hadi huko ni mwendo wa miguu tu.

Lakini hata hao hawakuwa na muda wao wenyewe. Studio ilikuwa ya kampuni, na kampuni ilitaka kitu cha kuuza. Santuri ndogo haibebi dakika nyingi, basi wimbo mrefu ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili ugeuze. Halafu kanda zikaingia, na kila mwenye redio ya deki mbili akawa kiwanda. Soko la santuri likafa. Siku hizi mashine ni rahisi kuliko wakati wowote, ila ule ukumbi wa kutosha bendi nzima umetupotea.

Kwangu mimi, hicho ndicho Duma walikifuata Kampala. Laptopu tunazo hata huku. Kitu hatuna ni miezi mitatu: kujaribu, kuharibu, kulala, kuamka na kufuta. Mimi niliacha chuo na ninaishi kwa kuandika, nalipwa kwa makala, kwa hivyo najua kazi inavyokuwa ukiifanya huku unahesabu saa za mtu mwingine. Mwaka wa 2024 Khanja, akijiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Aliyepewa muda ameanza kujijengea nyumba.

Sisemi tuwanyime Kampala sifa. Nasema kaunti ina kumbi Pumwani na Kaloleni, zote ziko karibu na sisi. Bendi moja ikipewa ukumbi mmoja kwa mwezi mmoja tu, bila kulipa kwa saa, tutajua haraka kama Nairobi iliishiwa na roki ama iliishiwa na nafasi.