Kutunga, Kubuni na Kuzua

Kitenzi cha Kiingereza "conceive" chatoka katika Kilatini "concipere", yaani kushika na kupokea ndani. Kiliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale, karibu na mwaka 1300, nacho hutumika kwa tumbo la mama na kwa akili ya mtu pia. Mtu aweza kudhani kwamba Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Tunalo: kutunga. Shanga hutungwa uzini, mimba hutungwa, na shairi hutungwa. Shina lake ni la Kibantu; kwa Waganda kutunga ni kushona. Kubuni ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kujenga. Kuzua ni kutoboa, na tena ni kusema jambo lisilokuwako. Ndipo lilipotoka neno uzushi.

Hapa Bariadi watoto wetu wengi huanza na Kisukuma nyumbani, na Kiswahili cha insha hukipokea kwa mwalimu. Basi mwalimu akisema, "Umezua haya," amemwita mtoto mwongo. Akisema, "Umeyatunga vema," ameiheshimu kazi yake. Yatupasa kulipima neno kabla ya kulitamka, kwa maana mtoto aliyeitwa mzushi huiweka kalamu chini.