Karani, Meneja na Neno "Kwingineko"

Tukiwa Dunga, kando ya ziwa, samaki bado yuko jikoni, dada mmoja mkazi wa Kisumu alinitandazia karatasi yake ya mshahara mezani. "Mwalimu," akasema, "hebu nisomee hapa penye kazi yangu." Pameandikwa karani. Ni mwaka wa nane sasa, na hakuna bili ya maji inayotoka katika ofisi yao ndogo bila kupitia kwake. Wasoma mita humletea hesabu, yeye huzikagua, huandaa bili, huwasikiliza wateja wanaokuja wamefura, na mwezi ukiisha humwambia mkubwa wake nani anadaiwa nini. Kazi ya meneja anaifanya. Analipwa ya karani.

Nilirudi nyumbani nikiyafikiria maneno tunayotajia pesa ya kazi. Mshahara umetoka katika Kiarabu, katika shahr, yaani mwezi. Neno lenyewe linahesabu mwezi tu. Halisemi kazi imefanyiwa wapi wala na mtu wa ustadi gani. Kibarua nacho ni barua iliyopunguzwa umbo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kutwa kule pwani kiwe ushahidi wa siku yake. Kijikaratasi kikawa jina la kazi, kisha jina la mtu mwenyewe. Nalipenda neno hili kwa sababu limekataa kubaki chini: hata mkurugenzi akifutwa, tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Posho ndiyo iliyogawanyika njiani. Mtanzania akitaja posho ya nyumba, sisi husema marupurupu ya nyumba, maana huku kwetu posho ni unga, na posho mili ni pale unaposagiwa mahindi.

Mahali pameingizwa katika mshahara na sheria. Amri ya serikali ya Kenya kuhusu kima cha chini imeigawa nchi mafungu matatu. Kisumu imo katika fungu la juu pamoja na Nairobi na Mombasa. Fungu la pili ni miji iliyokuwa manispaa, pamoja na michache iliyotajwa kwa jina. La tatu halikutajiwa mji wowote. Limeitwa tu maeneo mengine yote, yaani kwingineko. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 ya mwaka 2024, kibarua wa kawaida jijini Kisumu hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Kwingineko, kima chake hakikufika 8,600.

Neno hilo linaniuma. Usenge, ufuoni huku huku, ni kwingineko. Sehemu kubwa ya ufuo huu wa ziwa, yenye majina yanayojulikana na kila mvuvi, kwenye jedwali la mishahara imekosa jina, na palipokosa jina pamepewa nusu na ushei. Anayesimamia bili huko hahesabiwi kwa kima hicho, lakini mwajiri akipanga mishahara huanzia chini kwenda juu. Msingi ukiwa mfupi, na ghorofa yake huwa fupi.

Amri hiyo hiyo hulipa kwa majina. Keshia ametajwa, na kima chake katika majiji baada ya nyongeza hiyo kilikuwa kama shilingi 36,000. Fundi amepangiwa madaraja. Msimamizi wa bili hayumo. Mshahara wake hutegemea mapatano, na katika mapatano kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni cheo chako unakiitaje. Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapomwacha dada huyu mkono. Meneja wa malipo? Malipo ni pesa inayoingia na pia inayotoka, kwa hiyo msikilizaji atadhani ndiye anayewalipa wafanyakazi. Msimamizi wa ankara ni jina safi, nami ningelichagua, ila ankara husikika zaidi Tanzania. Kisumu watu hupokea bili ya maji na bili ya stima.

Kisha kuna miaka yake minane. Matangazo ya kazi hudai uzoefu, neno lililotoka katika kuzoea, na mtu anaweza kuzoea hata kosa. Tajriba ina shina moja na kujaribu: ni elimu ya mtu aliyejaribiwa. Siku ile Dunga alinichorea mfano kwenye kitambaa cha karatasi. Nyumba ya vyumba viwili, mita ilisoma 1,482 mwezi uliopita. Msoma mita akaleta 1,941. Mashine ingetoza uniti 459, yaani lita 459,000, kwa mama na watoto wake watatu. Yeye alizitazama tarakimu mara moja tu akajua kwamba 4 na 9 zimebadilishana viti. Mita ilisoma 1,491. Uniti 9. Hakuna mteja aliyekuja kulia dirishani, na kwa kuwa hakuna aliyelia, hakuna mkubwa aliyejua kwamba kuna kazi imefanyika.

Hiyo ni tajriba, na katika karatasi yake ya mshahara haikuwa na mstari wake.

Samaki alipofika tuliisukuma karatasi kando. Nilikuwa nikimsaidia kuandika barua ya kuomba cheo kibadilishwe, nami nikapendekeza "Msimamizi wa Ankara". Akanawa mikono, akafikiri. "Mwalimu, mkubwa wangu ataniuliza ankara ni nini." Akaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: MENEJA WA BILI. Chini yake akaongeza "miaka 8", kisha akaomba ndimu.